Kimia cha mafundo cha Kiarmenia: jinsi ya kuipamba leso ya zawadi kwa sindano na uzi

Nilifundishwa kazi hii Sharjah, na mama mmoja wa Kiarmenia mzaliwa wa Bourj Hammoud, mtaa wa Waarmenia ulio ubavuni mwa Beirut. Tulikuwa duka moja la ushonaji, yeye kwenye meza ya nguo za harusi, mimi kwenye marekebisho. Siku moja aliniona ninavyoshika sindano akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa mama yangu, Unguja, tukishona kofia za kiua. Hakuijua kofia ya kiua, basi nikamwonyesha kumma kwenye kichwa cha mteja wetu wa Kiomani, kwa kuwa kumma na kofia zetu ni ndugu. Akaitazama vizuri, akasema: wewe nusu ya masomo umeshamaliza.

Nusu iliyobaki ndiyo ninayoiandika hapa. Waarmenia hukiita kimia, yaani lesi, *janyak*. Hiki ninachokieleza hufumwa kwa sindano ya kawaida ya kushonea, bila kulabu, bila fremu, bila mto wa pini. Unafunga fundo kwenye pindo la kitambaa, unaacha kitanzi kidogo, unafunga fundo jingine. Safu ya pili inafungwa juu ya vitanzi vya kwanza, na hivyo hivyo kupanda.

Somo lake la kwanza halikuwa la kufunga, lilikuwa la kukata. Alitoa leso aliyoifuma mwenyewe, akachukua mkasi, akakata kitanzi kimoja katikati ya ua. Mimi nikashtuka. Akaniambia nivute. Nikavuta, na hakikufumuka kitu. Kazi ya kroshia ukiikata uzi mmoja na kuuvuta, inaweza kuendelea kufumuka. Hapa kila fundo limejifunga lenyewe, halimtegemei jirani yake. Ukilishika hilo moja moyoni, maelezo yote yanayofuata utayaelewa: ubora wa kazi uko kwenye fundo, si kwenye ua.

Vifaa

Kitambaa: bafta au melimeli ya pamba, au kitani chembamba. Kisiwe na nailoni ndani yake, kitakunjamana kwenye pasi na kimia kitabaki kimesimama peke yake. Kwa leso moja ya mkononi (wenzangu wa Mombasa, hapa sisemi leso ya kujifunga) kata mraba wa sentimita 31 kwa 31.

Uzi: kwa mazoezi nunua uzi mnene wa kroshia, nambari 20 hivi, ili ulione fundo kwa macho. Ukishazoea, hamia uzi mwembamba wa pamba, nambari 60 au 80. Nambari ikipanda, uzi unapungua unene. Rangi ya kuanzia iwe nyeupe au ya maziwa. Uzi mweusi unaficha makosa na mwanafunzi anahitaji kuyaona makosa yake.

Sindano: nyembamba, ncha kali, tundu dogo. Sindano yenye tundu pana inatanua vitanzi kila inapopita.

Ongeza kipande cha nta ya nyuki, mkasi mdogo, njiti ya kiberiti, rula na penseli nyepesi. Njiti ya kiberiti ni kipimo cha vitanzi, usiitupe. Subana vaa ukiwa umezoea kuivaa, mimi siiwezi kwa kazi hii kwa sababu kidole kinatakiwa kiuhisi uzi.

Kupinda leso

Kunja ukingo nusu sentimita, kunja tena nusu sentimita, shona kwa mkono kwa mishono midogo isiyoonekana mbele. Utabaki na mraba wa takriban sentimita 29. Piga pasi. Kisha chukua rula na penseli, weka alama kila baada ya milimita 3 kwenye ukingo wa juu wa pindo, ukianzia pembeni kabisa. Kila upande utapata nafasi 96. Usikisie kwa jicho. Nafasi zikipishana kwenye pindo, pembetatu zako zitakuwa moja nono na moja nyembamba, na hakuna fundo litakaloziokoa.

Fundo lenyewe

Hapa usikimbie. Mimi nilikaa jioni tatu kwenye fundo tu, kabla hajaniruhusu kufuma kitu kingine.

Kata uzi wa sentimita 70 hivi, upitishe kwenye nta mara mbili, uvute katikati ya vidole ili nta iingie. Tunga sindano kwa uzi mmoja, usiukunje mara mbili. Ingiza sindano ndani ya mkunjo wa pindo, sentimita mbili kabla ya mahali pa kuanzia, itoke kwenye alama ya kwanza. Ncha ya uzi inabaki imefichwa ndani ya mkunjo.

Sasa shika leso kwa mkono wa kushoto, pindo likitazama juu. Kazi inakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. (Anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume katika kila kitu.)

Ingiza sindano kwenye alama inayofuata kutoka nyuma ya pindo, ncha itokeze upande wako. Usiivute yote. Iache imesimama kitambaani, nusu huku nusu kule.

Chukua uzi ulio karibu na tundu la sindano, ulete mbele, uzungushe kwenye ncha ya sindano ukipitia chini yake. Ubane kidogo kwa kidole gumba ili usitoroke.

Vuta sindano ipite ndani ya mzunguko huo, ukivuta kwenda juu, mbali na pindo. Polepole. Kitanzi kitapungua, kitapungua, mpaka kibaki kidogo. Hapo ingiza njiti ya kiberiti kati ya uzi na pindo, maliza kuvuta juu ya njiti, kisha kandamiza fundo kwa ukucha wa kidole gumba na kaza. Toa njiti.

Lijaribu. Shika kitanzi ulichokiacha, kivute pembeni. Fundo likikaa mahali pake, umefunga. Likiteleza na kitanzi kikaongezeka, hukufunga, umezungusha tu. Mara nyingi sababu ni kwamba uzi umezungushwa upande usio wake. Rudia, safari hii uzungushe upande wa pili wa ncha, utaona tofauti papo hapo. Likiwa bado linasumbua, hasa kwa uzi unaoteleza, zungusha mara mbili kabla ya kuvuta. Fundo litakuwa nene kidogo lakini litashika.

Fanya mafundo hamsini kwenye kitambaa chakavu. Halafu mengine hamsini. Ukifumba macho na mkono ukaendelea kufunga, hapo uko tayari kwa leso.

Safu ya msingi

Zunguka leso nzima kwa vitanzi vya milimita 3, fundo kwenye kila alama, njiti kwenye kila kitanzi. Uzi mmoja utakufikisha takriban nusu ya upande. Ukikaribia kwisha, acha sentimita kumi, usisubiri mpaka usiweze kuzungusha. Penyeza mwisho wake ndani ya mkunjo wa pindo, tunga uzi mpya, utokeze penye alama inayofuata, endelea. Usiunge nyuzi mbili kwa fundo la kamba, litaonekana kama kidonda.

Kwenye kila pembe funga mafundo matatu katika tundu lile lile, ukiacha kitanzi kati yao. Utapata vitanzi viwili vya ziada ambavyo tutavihitaji baadaye, maana bila hivyo pembe za leso hubaki uchi wakati pande zote zimevaa.

Pembetatu

Ua la kuanzia ni pembetatu ya vitanzi vinane. Kila upande wa leso unaingia pembetatu 12 kamili, maana 12 mara 8 ni 96.

Anza na uzi mpya wa sentimita 70. Utokeze kushoto kwa kitanzi cha kwanza. Funga fundo moja ndani ya kila kitanzi cha msingi, vyote vinane, ukiacha njiti kati yao. Hesabu: mafundo manane, na katikati yake vitanzi saba.

Geuza leso, mgongo uwe mbele. Sasa uko tena kushoto, na vitanzi saba viko mbele yako. Funga mafundo saba. Yatakupa vitanzi sita. Geuza. Sita. Geuza. Tano, nne, tatu, mbili, na mwisho fundo moja kwenye kitanzi kimoja, ambalo ndilo kilele.

Unaona hakuna kupunguza kwa makusudi. Pembetatu inajichonga yenyewe, kwa kuwa vitanzi sikuzote ni pungufu ya mafundo kwa kimoja.

Baada ya kilele, teremka. Tazama mbele ya leso, chukua ukingo wa kulia wa pembetatu, upande inakokuja pembetatu inayofuata. Pitisha sindano chini ya uzi wa ukingo, safu moja baada ya nyingine, mpaka msingi. Usikaze wakati wa kuteremka, kilele kitainama kama mtu aliyelala kwenye kiti. Ukifika chini, penyeza mwisho wa uzi ndani ya pindo, kata. Uzi wa sentimita 70 hutosha pembetatu moja, na ni bora kila pembetatu iwe na uzi wake kuliko kuunga katikati ya safu.

Zile pembe nne: juu ya vitanzi viwili vya ziada funga mafundo mawili, geuza, funga moja. Pembetatu ndogo kama jino la mtoto. Inatosha.

Kwa wanaopenda hesabu kama mimi: leso nzima ni mafundo 2,132. Ukifunga matatu kwa dakika, ni karibu saa 12 za kazi. Gawa kwa jioni zako. Mimi naweka lengo la pembetatu tatu kila jioni baada ya isha, na pembetatu 48 zinakwisha katika jioni kumi na sita bila mgongo kuuma.

Makosa niliyoyafanya, usiyarudie

Nilikaza mno. Kimia kikajikunja kuelekea ndani na pindo likafanya mawimbi. Fundo ndilo la kukazwa, kitanzi kinaachwa kama njiti ilivyokipima.

Nilitumia uzi mrefu wa mita moja na nusu ili nipunguze kuunga. Ulijipinda, ukachakaa kwenye tundu la sindano, ukakatika kwenye pembetatu ya saba.

Nilifuma usiku kwenye taa ya manjano. Asubuhi nikaona nimeruka vitanzi viwili. Fundo lililokosewa halifumuliki, hiyo ndiyo tabia yake, kwa hiyo ukigundua kosa safu mbili chini itabidi ukate pembetatu nzima mpaka msingi na kuanza upya. Hesabu mwisho wa kila safu, kabla ya kugeuza.

Kufua, kanji na pasi

Ikishakamilika leso itakuwa na alama za penseli na jasho la mikono. Ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, ukiikandamiza tu, usiisugue wala kuikamua kwa kuipinda. Koroga kanji nyepesi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji, izamishe. Kisha itandaze juu ya taulo, nyosha kila kilele kwa kidole na ukichome pini isiyoshika kutu. Pembetatu 48 na zile ndogo nne za pembe, pini 52. Iache ikauke kivulini. Pasi ipite juu ya kitambaa kingine, upande wa nyuma wa leso, kwa kugandamiza bila kuburuta.

Kazi hii imetoka wapi

Nilisitasita kuandika sehemu hii kwenye mwongozo wa kushona, lakini mwalimu wangu hakunifundisha fundo bila kunieleza, nami sitaligawa bila kulieleza.

Katika miji ya Waarmenia chini ya dola ya Uthmaniya, kila mji ulikuwa na mkono wake. Marash ilijulikana kwa tarizi ya nyuzi zilizosukwa moja ndani ya nyingine, Aintab kwa kazi ya kuchomoa nyuzi za kitambaa na kuzifunga upya. Msichana alikua akijaza sanduku la *ojit*, yaani vitu anavyoingia navyo kwenye ndoa, na vimia vya sindano vilikuwa humo. Mwaka 1915 serikali ya Uthmaniya ilianza kuwaua na kuwafukuza Waarmenia kuelekea jangwa la Syria. Wanawake na watoto waliosalimika wakafika Aleppo na Beirut mikono mitupu. Sindano ilikuwa miongoni mwa vitu vichache walivyoweza kuvigeuza kuwa mkate. Mjini Aleppo katika miaka ya 1920, Karen Jeppe, mwanamke wa Denmark, alifungua makao ya wanawake na watoto waliookolewa, pamoja na karakana ya tarizi ambayo kazi zake ziliuzwa ili waweze kujitegemea. Bibi wa mwalimu wangu alifika Aleppo akiwa mtoto. Hakuwa na picha ya mama yake, wala nyumba, wala kaburi la kuzuru. Alikuwa na fundo hili, alilofundishwa na mama yake kabla ya safari, na likafika Beirut, likafika Sharjah, likafika Unguja.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa atakayejifunza hapa na kuuza: andika jina la kazi. Usiiite lesi ya kizungu, wala lesi ya mkono tu.

Ukitaka kununua badala ya kufuma

Wapo wasiokuwa na saa 12, na hakuna ubaya. Wenzetu wanaofanya kazi Ghuba siku hizi huenda likizo Yerevan, mji mkuu wa Armenia, na pale karibu na Uwanja wa Jamhuri kuna soko la wazi la Vernissage, ambalo lilianza kwa wachoraji kutandaza picha zao na sasa lina kila aina ya kazi ya mkono. Nenda mwisho wa wiki, ndipo linapojaa. Beba dram, yaani fedha ya Armenia, taslimu.

Kwenye kimia, geuza kipande utazame mgongo. Kazi ya mkono ya sindano inafanana mbele na nyuma, na mafundo yanahisika kwenye ncha ya kidole kama chembe za chumvi. Cha mashine ni laini kote na vitanzi vyake vyote ni sawasawa kupita kiasi. Muulize muuzaji nani amekifuma. Aliyefuma mwenyewe atakueleza mpaka uchoke, na mara nyingi sindano iko mkononi mwake wakati mnaongea.

Ukipenda kitu kingine cha mkono, tafuta duduk, zumari yao iliyochongwa kwa mti wa aprikoti, tunda ambalo Waarmenia hulihesabu kuwa lao. Au kidani cha herufi ya kwanza ya jina la unayempelekea. Alfabeti yao ilibuniwa na Mesrop Mashtots mwaka 405 ikiwa na herufi 36, na mafundi huichonga kwa fedha, mbao na mawe. Komamanga la udongo ni zawadi ya harusi, kwa ajili ya mbegu zake nyingi. Zulia kuukuu liogope kidogo: vitu vya kale huhitaji kibali cha wizara inayosimamia utamaduni kabla ya kuvuka mpaka, basi muuzaji akupe karatasi mkononi, si ahadi.

Kuifunga zawadi

Kunja leso mara mbili iwe mraba mdogo, kisha kunja pembe moja irudi mbele ili pembetatu zionekane juu ya kitambaa kitupu. Ifunge kwa karatasi laini nyeupe. Usiiweke kwenye mfuko wa plastiki, joto la kwetu litaitia manjano. Mimi huweka karafuu mbili ndani ya kitambaa kidogo kando yake, hilo ni letu, si la Kiarmenia, na mwalimu wangu alilipenda.

Kwenye kadi andika mambo matatu: ifuliwe kwa mkono, isikamuliwe, inaitwa *janyak*. Na kitanzi kikikatika, isitupwe. Wakuletee, utafunga kimoja kipya pale pale.